Chumvi ndani, chumvi nje: jinsi ya kupima viongezeo kwenye chembe za PLGA zinazoachia dawa polepole

Kabla hujagusa pipeti, tengeneza kachumbari. Kata kitunguu vipande vyembamba, kinyunyizie chumvi, kiache kidogo ukikata nyanya. Ukirudi utakuta kitunguu kimelegea na maji yametuama kwenye sahani: chumvi ya nje imevuta maji ya ndani. Lau ungeweza kuitia chumvi hiyohiyo ndani ya kitunguu kisha ukitumbukize kwenye maji matupu, kingevimba.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye maabara za hapa Nairobi nikisikia wanafunzi wakiuliza, "Chumvi inafanya nini kwenye chembe?" kana kwamba chumvi ina tabia moja. Haina. Sukari nayo haina, wala gelatini, wala kiongezeo kingine tunachotia kwenye chembe za polima zinazobeba dawa. Kinachoamua ni mahali ulipoiweka, na ni kipande gani cha safari ya dawa unachotaka kukibadilisha. Mwongozo huu unakupeleka kwenye jaribio dogo la wiki nne litakalokuonyesha hilo kwa macho yako. Unahitaji benchi, kabati la kufyonza hewa, kikorogeo cha sumaku, kichwa cha mawimbi ya sauti, mashine ya kuchanganya, sentrifuji, kikaushio cha kugandisha, hadubini, spektrofotomita (kipima rangi ya maji kwa mwanga), inkubeta yenye kutikisa, na fundi wa maabara anayejua kila kitu kilipowekwa.

Kwanza, jua unachezea nini

PLGA ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, iliyoungwa kwa asidi mbili: ya laktiki, ileile inayofanya mala iwe chachu, na ya glaikoliki. Maji ya mwilini hukata viungo vya mnyororo kimoja baada ya kingine hadi polima irudi kuwa asidi hizo mbili, ambazo mwili unajua kuziondoa. Yenye uwiano wa 50:50, laktiki kwa glaikoliki, huisha kwa mwezi mmoja au miwili; ya 75:25 huchukua miezi minne au mitano. Ukitaka sindano ya mwezi iwe ya miezi mitatu, badilisha polima. Usihangaike na viongezeo, hiyo si kazi yao.

Dawa hutoka kwa vipindi vitatu. Siku ya kwanza kuna mmwagiko: dawa iliyo juu ya chembe na kwenye vitundu vyake hutoka mbio. Kisha huja kimya. Halafu polima ikishaoza vya kutosha, iliyobaki hutoka kwa kasi. Kimya hicho si hadithi ya vitabuni. Risperdal Consta, sindano ya wagonjwa wa akili, hunyamaza takriban wiki tatu, ndiyo maana mgonjwa huendelea na vidonge katika kipindi hicho.

Na viongezeo? Tazama Lupron Depot, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa saratani ya tezi dume. Dozi ya mwezi mmoja ina miligramu 7.5 za dawa, gelatini 1.3, PLGA 66.2 na manitoli (jamii ya sukari) 13.2. Gelatini ilitiwa kwenye maji ya ndani ili yagande kidogo yakipoa na yashikilie dawa. Manitoli ilitiwa wakati wa kukausha ili unga usishikane. Kila kimoja kina mahali pake na kazi yake.

(Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, Depo-Provera, haimo kwenye hadithi hii. Ile ni fuwele za dawa zenyewe zinazoyeyuka polepole, hakuna polima. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka.)

Chagua mahali kabla ya kuchagua kiongezeo

Chembe zetu hutengenezwa kwa emulsheni mbili: matone ya maji yenye dawa ndani ya polima iliyoyeyushwa, na hayo yote ndani ya maji mengi yenye PVA (polivinili alkoholi). Kwa hiyo una milango minne.

Maji ya ndani ndiko dawa ilipo. Ukiweka chumvi au sukari huku, maji ya nje yanavutwa kuingia, chembe inakuwa na matundu, mmwagiko unakuwa mkubwa. Wanaotengeneza dawa za protini hulazimika kuweka sukari hapo hata hivyo, kwa sababu inailinda protini isiharibike, kisha wanatafuta njia ya kuufidia mmwagiko.

Polima yenyewe ni mlango wa pili, na hapa ndipo penye utamu. Polima kama PEG au poloksama zikichanganywa humu hupenda maji, hufungua njia, na hufupisha kile kimya cha katikati. Vilainishi kama triethili sitreti hufanya polima iwe laini. Ungedhani laini maana yake ni kuvuja, lakini mara nyingine polima laini hujifunga vitundu vyake yenyewe, kama ugali wa moto unavyojiziba ukitoa mwiko. Na kuna kiongezeo ambacho hakuna aliyekialika: dikloromethani iliyosalia, yaani kile kiyeyushi cha polima. Nayo ni kilainishi, kwa hiyo chembe zilizokaushwa vibaya hukupa matokeo ya kiongezeo usichokijua. Kikomo kinachokubalika kwenye dawa ni sehemu 600 kwa milioni.

Magnesiamu haidroksaidi, ile ya dawa ya kiungulia, pia huingia kwa mlango huu, ikiwa unga. Ndani ya chembe inayooza asidi hujikusanya, pH inaweza kushuka hadi 3 au chini yake, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwenyewe. Protini ikiwa humo, imekwisha. Dawa ya kiungulia huituliza asidi hapo hapo. Lakini ukitia unga wenye madonge, unatuliza asidi ya jirani tu na kwingine kunaendelea kuungua. Saga, chekecha, ndipo uutumie.

Maji ya nje: PVA ndiyo inayozuia matone yasiungane. Kiasi chake hubaki juu ya chembe hata ukiosha, usidhani imeondoka yote. Chumvi ikiwekwa huku hufanya kile ilichokifanyia kitunguu chako.

Ukaushaji: manitoli au trehalosi. Haya hayahitaji maneno mengi.

Andaa mafungu manne

Tumia vitamini B12 badala ya dawa ghali. Ni nyekundu, inayeyuka kwenye maji kiasi cha kutosha, na spektrofotomita huiona vizuri kwenye nanomita 361: mikrogramu 10 kwa mililita hukupa usomaji wa 0.2 hivi. Kuliko hayo yote, utaona kwa macho inapotoroka. Funika vyombo kwa foili, maana mwanga huiharibu.

Fungu A halina kiongezeo chochote. B lina chumvi gramu 3 kwa kila mililita 100 za maji ya nje. C lina kipimo hichohicho cha chumvi, ila kwenye maji ya ndani. D lina magnesiamu haidroksaidi asilimia 3 ya uzito wa polima. Usiunganishe viwili kwenye fungu moja, hata kama msimamizi wako ana haraka.

Kuhusu chumvi, nilionywa mapema. Mara ya kwanza nilichukua pakiti ya supamaketi nikaanza kupima. Fundi wetu, mzee wa makamo asiyepandisha sauti, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hiyo ni ya mboga."

"Si ni chumvi tu, mzee?"

"Ina iodini, na ina unga wa kuizuia isishikane. Unataka kupima chumvi au kupima mboga?"

Tumia ya maabara.

PLGA huagizwa nje, na huwa imekaa siku kadhaa njiani. Ikifika, iweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na silika ya kufyonza unyevu. Siku ya kuitumia, itoe saa moja au mbili kabla na usifungue hadi chupa ifikie joto la chumba. Ukifungua ikiwa baridi, umande wa Aprili ya Nairobi utaiingia, na polima itaanza kuoza kabatini ukiwa nyumbani.

Tengeneza chembe

Anza na PVA siku moja kabla. Nyunyiza unga kidogo kidogo kwenye maji baridi yanayokorogwa, kisha pasha hadi nyuzi 80 au 85 mpaka yawe maangavu. Ukimimina wote kwa mpigo utapata madonge kama ya uji uliopikwa na mtu mwenye haraka, na hayo hayayeyuki tena. Tengeneza ya asilimia 1, ipoze kwenye friji.

Siku yenyewe, yeyusha miligramu 400 za PLGA kwenye mililita 4 za dikloromethani. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa. Tumia chupa za kioo, kwa kuwa mirija myepesi ya polistireni itayeyuka mkononi mwako. Glavu nazo hupenywa kwa dakika chache: ikikudondokea, vua glavu, usimalizie kwanza.

Ongeza mililita 0.4 za maji yenye B12 miligramu 10 kwa mililita. Tikisa kwa kichwa cha mawimbi ya sauti sekunde 30, chupa ikiwa kwenye barafu. Utapata kitu kama maziwa yaliyotiwa vimto. Kikijitenga mara moja, usiendelee, rudia.

Mimina hayo kwenye mililita 40 za PVA baridi na uyasage dakika moja kwa mashine ya kuchanganya, kasi ileile kwa mafungu yote manne. Hamishia kwenye bika lenye mililita 200 za PVA ya asilimia 0.3 (kwa fungu B, chumvi iwe kwenye maji haya pia), ukoroge saa nne bila kufunika ili dikloromethani ipae.

Hapa Nairobi tuna jambo letu. Vitabu husema dikloromethani huchemka kwenye nyuzi karibu 40. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kwetu huchemka karibu na 34. Kwa hiyo, kwenye joto lilelile, hupaa upesi kuliko Mombasa au London, polima hukauka ghafla, na chembe zinaweza kuwa na vitundu zaidi ya zile ulizoona kwenye picha za watu. Ukifuata maelekezo ya mtu wa pwani, usishangae mmwagiko wako ukizidi wake. Mimi huanza na maji baridi na kuyaacha yapate joto la chumba taratibu.

Baada ya saa nne, zungusha kwenye sentrifuji, osha kwa maji safi mara tatu, gandisha, kausha kwa kugandisha siku mbili. Usitie manitoli kwenye jaribio hili, itakuharibia hesabu ya uzito.

Chunguza maji ya kwanza ya kuoshea. Ya fungu C yatakuwa na wekundu kuliko ya B. Hapo tayari chumvi imeshakupa jibu kabla ya kipimo chochote: ikiwa ndani, maji yaliingia, njia zikafunguka, na dawa ikatoroka nawe ukitazama.

Pima kilichobaki ndani

Chukua miligramu 10 za chembe, ziyeyushe kwenye mililita 1 ya dikloromethani, ongeza mililita 3 za maji safi, tikisa kwa nguvu, acha yatulie. Dikloromethani ni nzito, itakaa chini. Maji mekundu yatapanda juu. Yatoe, yapime. Ulitia dawa asilimia 1 ya uzito wa polima. Ukikuta asilimia 0.8 umefanya vizuri, na C ikikupa nusu ya hiyo usijilaumu.

Halafu pima ukubwa wa chembe kwa hadubini, angalau 200 kwa kila fungu. Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayozaa makala zenye hitimisho la uongo. Kiongezeo kikibadilisha unene wa mchanganyiko, hubadilisha pia ukubwa wa chembe, na chembe ndogo huwa na uso mwingi zaidi kwa uzito uleule. Ukiona D inaachia dawa haraka kuliko A, unahitaji kujua kama ni magnesiamu au ni udogo tu.

Weka kwenye bafa

Kwa kila fungu tumia mirija mitatu ya polipropilini, kila mmoja na miligramu 50 za chembe na mililita 5 za bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfeti yenye pH 7.4. Bafa iwe na Tween 20 (aina ya sabuni laini) asilimia 0.02, chembe zisielee, na sodiamu azidi asilimia 0.02, vijidudu visifanye sherehe ya wiki nne. Joto ni nyuzi 37, kwa kutikisa taratibu.

Chota sampuli kwenye saa 1, saa 6, siku ya 1, 3, 7, 10, 14, 18, 21, 25 na 28. Kila mara zungusha mirija dakika tano, chota mililita 4, rudisha mililita 4 za bafa mpya, kisha tikisa mpaka tope la chini liinuke lote. Lisipoinuka, chembe za chini zitashikana ziwe kipande kimoja na mstari wa grafu yako utalala kwa sababu isiyohusiana na kiongezeo.

Usichote kwa zamu eti leo fungu hili, kesho lile. Yote manne, saa ileile. Nilijifunza hili kwa aibu. Julai moja nilikuwa nikichora mstari wa D peke yake nikaona umelala kabisa kati ya siku ya 10 na 14. Nikaandika daftarini kwa wino mzito, "Magnesiamu imefanya kazi." Jumanne nikachora A. Nayo ilikuwa imelala, siku zilezile. Nikashuka kwa mlinzi wa usiku.

"Bosi, stima si ilipotea wikendi?"

"Jumamosi usiku. Ikarudi Jumapili jioni."

Stima ilirudi, lakini inkubeta ile haikuwa inajiwasha yenyewe. Chembe zangu zilikaa na baridi ya Julai hadi Jumatatu asubuhi. PLGA ikilowa hulainika kwenye nyuzi thelathini na kitu. Chini ya hapo hukaza na kufunga dawa ndani. Nilichokipima kilikuwa kukatika kwa umeme. Sasa huacha ndani ya inkubeta kipimajoto kinachokumbuka joto la chini kabisa, na huandika namba hiyo kila ninapochota.

Hesabu bila kujiibia

Makosa mengi hutokea hapa, tena kwa watu werevu. Kila ukichota, unaondoa dawa. Lazima uikumbuke.

Tuseme mrija una miligramu 50 za chembe zenye dawa asilimia 0.8, yaani mikrogramu 400. Tuache kando saa 1 na saa 6 ili hesabu iwe fupi; siku ya 1 umesoma mikrogramu 20 kwa mililita. Mara mililita 5 ni 100, sawa na asilimia 25. Ukachota mililita 4, kwa hiyo umeondoka na mikrogramu 80. Siku ya 3 ukasoma 9. Mara 5 ni 45. Asiyekumbuka ataandika 45 na kushangaa dawa imerudi ndani ya chembe! Jumlisha zile 80: ni 125, yaani asilimia 31. Siku ya 7 utajumlisha 80 pamoja na zile 36 ulizochota siku ya 3, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Gawanya kwa dawa uliyoipima ndani ya fungu hilo, usitumie uliyoitia mwanzoni. C ilipoteza nyingi wakati wa kutengenezwa. Ukitumia namba ya mwanzo, itaonekana inaachia dawa polepole kuliko ilivyo kweli.

Soma mistari

Weka B na C juu ya A. B inapaswa kuanza chini ya A siku ya 1, na chini ya hadubini ya elektroni uso wake utakuwa laini zaidi. C itaruka juu siku hiyohiyo, na chembe zake zitakuwa na matundu kama mandazi yaliyoumuka sana. Chumvi ni ileile, kutoka chupa moja, kwa kipimo kimoja.

D isome kwa subira. Mwanzoni inaweza isitofautiane na A, au hata iwe juu kidogo, kwa sababu magnesiamu ikikutana na asidi hutengeneza chumvi inayoyeyuka, na chumvi hiyo huvuta maji ndani. Utazame mstari wake zaidi upande wa kulia, pale A inapoanza kupanda kwa kasi polima ikiporomoka. D ikipanda kwa mteremko mpole zaidi, asidi ilikuwa ikitulizwa. Ikipanda sawasawa na A, rudi kwenye unga wako uangalie madonge kabla ya kuilaumu nadharia. Pima pia pH ya bafa kila unapochota wiki mbili za mwisho, ni kazi ya dakika kumi.

Mirija mitatu ya fungu moja ikipishana kuliko mafungu yenyewe yanavyopishana, huna tofauti ya kuripoti. Rudia kwa chembe ulizotengeneza siku nyingine, maana mirija mitatu ya bika moja bado ni bika moja.

Kabla ya kufunga maabara

Kuna taka mbili ambazo hazifai kukutana. Sodiamu azidi na dikloromethani zikichanganyika zinaweza kuunda kitu kinacholipuka, ndiyo sababu kule juu nilikuambia utumie maji safi, si bafa, ulipokuwa unapima dawa iliyomo. Azidi pia haiendi kwenye sinki, kwani hujenga vilipuzi kwenye mabomba ya shaba na risasi, wala haiendi kwenye chupa ya asidi, hutoa gesi ya sumu. Tenga chupa mbili tangu siku ya kwanza, ziandike kwa kalamu isiyofutika, na uziweke pande mbili tofauti za chumba ili hata mtu wa zamu ya usiku asizikosee.